Namba, Nakshi na Kutu: Somo Kuhusu Bunduki za Kale za Marekani za Mitutu Miwili

Katika msimu wa mvua uliopita mzee mmoja wa umri wa miaka 70 na ushei alifika kituoni kwetu akiongozana na mwenyekiti wa kijiji chake. Hakuja na silaha. Alikuja na habari. Baada ya salamu ndefu, kama ilivyo ada ya watu wa upande huu wa Mto Nile, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nyumbani kwangu kuna bunduki ya Rais wa Marekani."

Sikucheka. Polisi anayecheka habari ya raia hataletewa habari nyingine. Nilimpa kiti, nikamwagizia chai, nikamwomba aanze mwanzo. Akasimulia kwamba babu yake alikuwa miongoni mwa wapagazi waliobeba mizigo ya Mmarekani mkubwa aliyekuja kuwinda vifaru pale Rhino Camp, na kwamba mgeni huyo alipoondoka alimwachia babu bunduki ya mitutu miwili. Tangu hapo bunduki ilikaa darini, ndani ya gunia, ikirithiwa kimya kimya. Sasa mtoto wa nduguye, kijana mwenye simu ya kisasa, amesoma kwamba bunduki ya rais huyo iliuzwa kwa dola zaidi ya laki nane, naye amekwisha kumpata mnunuzi ng'ambo ya mpaka. Mnunuzi ametoa masharti matatu. Kwanza, atumiwe kwa simu fedha za "uthibitisho". Pili, bunduki ipigwe risasi mbili ili ajue kwamba ni nzima. Tatu, namba zilizochongwa kwenye chuma zifutwe kwa tupa, "zisije zikaleta matata njiani".

Mzee alikosa usingizi juu ya sharti hilo la tatu. Akauliza: "Afande, kama kitu ni changu kwa halali, kwa nini kifutwe jina?"

Swali hilo lilinishinda kulijibu kwa sentensi moja. Kabla ya kuhamishiwa idara ya uhusiano nilihudumu kwa miaka kadhaa katika ghala la silaha, na huko nilijifunza mengi kuhusu bunduki kuukuu kuliko nilivyotarajia. Jibu lake ndilo somo la leo, kwa sababu uvumi kwamba wazungu hununua bunduki za kale kwa mamilioni unazunguka katika masoko yetu ya mpakani, nao, kama uvumi mwingi, umejengwa juu ya kipande cha ukweli.

Nianze na kipande hicho. Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani mwezi Machi 1909, kwa hiyo alipofika kwetu alikuwa rais mstaafu. Alishuka Mombasa mwezi Aprili mwaka huo pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa wanyama, wakikusanya vielelezo kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington. Baada ya miezi mingi katika nchi inayoitwa leo Kenya, walivuka Ziwa Victoria hadi Entebbe mwezi Desemba, wakatembea kupitia Hoima hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha wakashuka na Nile kwa mashua. Mwezi Januari 1910 walipiga kambi ukingo wa magharibi wa mto, katika eneo lililoitwa Lado, kumtafuta kifaru mweupe. Jina la Rhino Camp, yaani kambi ya vifaru, halikutungwa na mtu wa baa.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi wa hapa hawalijui. Wakati huo Lado haikuwa ya Waingereza. Ilikuwa chini ya Wabelgiji, kwa mapatano yaliyomhusu Mfalme Leopold mwenyewe, naye alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla ya kambi ile. Baadaye mwaka huo wa 1910 eneo likakabidhiwa kwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Watu wa kizazi kimoja waliishi chini ya bendera tatu bila kuhama vibanda vyao. Ninaomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana litatufaa mbele.

Je, Roosevelt alikuwa na bunduki ya mitutu miwili? Naam. Mbali na raifo zake, alibeba bunduki ya marisawa ya geji 12 aliyozawadiwa na Ansley H. Fox, mtengenezaji wa mji wa Philadelphia. Ilikuwa ya daraja la juu la kiwanda hicho, F, yenye nakshi za mkono. Alipoandika kitabu cha safari yake aliisifu sana. Lakini hakumwachia mtu. Ilirudi naye Marekani, ikabaki katika familia yake kwa miaka mingi, na mwezi Oktoba 2010 ikauzwa mnadani katika jimbo la Maine kwa dola 862,500. Wakati ule hapakuwa na bunduki ya marisawa iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani. Kijana wa mzee wetu, basi, alisoma habari ya kweli. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba bunduki hiyo iko darini kwao.

Sasa, kwa nini Wamarekani hulipa fedha za namna hiyo kwa chuma ambacho hata hakipigwi tena? Ili kulielewa hilo ni lazima tujue viwanda vilivyozitengeneza, na kwa nini havipo.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1865, Wamarekani waliokuwa wakiwinda ndege walianza kupata bunduki zinazovunjika katikati na kutiwa risasi kwa nyuma, badala ya magobori yaliyoshindiliwa baruti mdomoni. Kiwanda cha Parker, cha mji wa Meriden, Connecticut, ndicho wakusanyaji wanachokitaja kwanza. Mwanzilishi wake, Charles Parker, alikuwa pia mtengenezaji wa visagio vya kahawa. Kule Syracuse, New York, alikuwako Daniel Lefever, ambaye watu walimwita Mjomba Dan, mmoja wa mafundi wa mwanzo kabisa Marekani kuficha nyundo ndani ya bunduki. Mjini humo humo alikuwako Lyman C. Smith, bunduki zenye jina lake zilihamia mji wa Fulton mikononi mwa wamiliki wengine, naye mwenyewe akageukia taipureta. Wakongwe wenzangu waliogonga taarifa za kesi kwa mashine za Smith-Corona watashangaa kusikia kwamba jina hilo lina undugu na bunduki. Ongeza kiwanda cha Ithaca, na hicho cha Fox kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20, na umekwisha kuwataja wakubwa.

Bunduki hizo zilitengenezwa kwa mashine na mikono kwa pamoja. Mitutu miwili inaunganishwa sambamba, lakini lazima marisawa ya kila mmoja yapige mahali pamoja mbele, na kulipata hilo ni kazi ya fundi mwenye subira. Kazi hiyo ni ghali. Zilipotokea bunduki za mtutu mmoja zenye kupiga risasi kadhaa mfululizo, zilizo rahisi kuunda kiwandani, na ulipofuata mdororo wa uchumi wa 1929, viwanda vya mitutu miwili vilianguka kimoja baada ya kingine. Fox ilinunuliwa na Savage mwaka 1929, Parker ikanunuliwa na Remington mwaka 1934, na zile za L.C. Smith zikakoma mwaka 1950, ingawa jina lilifufuliwa kwa muda mfupi baadaye.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea: hudhani kwamba uzee ndio uadimu. Parker pekee ilitengeneza bunduki zipatazo 242,000. Bunduki ya kawaida ya Parker yenye miaka 120, ya geji 12, iliyoliwa na kutu, si adimu hata kidogo. Kinachoadimika ni daraja na ukubwa. Viwanda vilipanga bunduki kwa herufi au kwa majina, kuanzia zile za mkulima zisizo na mapambo hadi zile za tajiri zenye mbwa na ndege waliochorwa kwa patasi ndogo. Za juu zilitengenezwa chache. Vilevile geji 12 ni nyingi, lakini geji 28, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, ni chache. Kilele cha yote ni Parker iliyoitwa Invincible: zilitengenezwa tatu tu, na zimewahi kuonyeshwa kwa pamoja katika jumba la makumbusho ya silaha la Fairfax, Virginia.

Jambo la pili ni hali ya asili. Vipande vya chuma vya katikati ya bunduki hizo vilifukiwa ndani ya mkaa wa mifupa, vikapashwa moto mkali, kisha vikatumbukizwa majini. Chuma kilitoka kigumu juu, na kwa bahati njema kilitoka pia na rangi za mawimbi, buluu, kahawia na kijivu, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Rangi hizo hufifia kwa kushikwa mikono na kwa jua. Mkusanyaji akiziona bado zipo hujua kwamba bunduki haikuchezewa. Kwa hiyo mtu anayeisugua bunduki ya kale kwa msasa ili ing'ae kama sufuria ya harusi ameifuta bei yake kwa mkono wake mwenyewe. Na anayekata mitutu iwe mifupi amefanya vibaya zaidi: ameharibu kitu cha kale na wakati huo huo ametengeneza silaha ya mnyang'anyi. Huko Marekani kwenyewe, ambako watu hudhani kila kitu kinaruhusiwa, sheria ya 1934 huihesabu bunduki ya marisawa yenye mtutu wa chini ya inchi 18 kuwa silaha ya kusajiliwa kwa masharti makali.

Na sasa tufike kwenye namba, maana mzee aliulizia namba.

Kila bunduki ya viwanda hivyo ilipewa namba yake, na katika Parker, kwa mfano, namba hiyo hugongwa kwenye mwili wa bunduki, kwenye mitutu, na kwenye kipande cha mti kinachoshikwa chini ya mitutu. Mkusanyaji mwenye akili huivunja bunduki na kusoma sehemu zote. Zikitofautiana, mitutu ya bunduki moja imevalishwa mwili wa nyingine. Kisha huenda kwenye vitabu vya kiwanda. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za Parker imehifadhiwa, na chama cha wakusanyaji wake hutoa barua ya kueleza bunduki yenye namba fulani iliagizwa lini, kwa daraja gani, na ilipelekwa kwa nani. Kumbukumbu za L.C. Smith zimo katika jumba la makumbusho la mji wa Cody, Wyoming. Barua ya namna hiyo huweza kufichua udanganyifu, kwa maana wapo mafundi wanaochukua bunduki ya daraja la chini na kuichonga nakshi za daraja la juu. Nakshi huweza kudanganya jicho, lakini kitabu cha kiwanda kiliandikwa na karani ambaye hakuwa na haja ya kumdanganya mtu wa leo.

Bunduki ya Roosevelt haikupata bei ile kwa sababu ya chuma chake tu. Ilipata bei kwa sababu mnyororo wa ushahidi, kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mnada, haukukatika. Chukua bunduki ile ile, ifute namba, ipoteze barua zake, na utabaki na bunduki nzuri ambayo hakuna awezaye kuthibitisha ilikuwa ya nani.

Basi mnunuzi anayetaka namba ifutwe si mkusanyaji. Mkusanyaji angelia machozi. Anayehitaji bunduki isiyo na namba anahitaji silaha isiyoweza kufuatiliwa, na sisi tunaoishi penye mpaka twajua silaha kama hiyo huishia mikononi mwa nani. Nchi zetu zilipotia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 zilikubaliana kutia silaha alama na kuweka kumbukumbu zake kwa sababu hiyo hiyo. Kilichomkosesha mzee usingizi, ingawa hakuwahi kuisoma itifaki, kilikuwa sawasawa kabisa.

Sharti la pili, la kuipiga risasi, ni baya kwa njia nyingine: lingeweza kumtoa kijana yule macho au vidole. Bunduki nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zina mitutu iitwayo ya Dameski. Fundi alichukua vipande virefu vya chuma laini na chuma cha pua, akavisokota pamoja kama mama asokotavyo ukili, akavizungusha kwenye fimbo ya chuma na kuvigonga vikiwa moto hadi vikashikana kuwa bomba. Matokeo yake ni mtutu wenye michirizi ya kupendeza kama ngozi ya chatu. Mitutu mingi ya namna hiyo iliyofungwa kwenye bunduki za Marekani ilinunuliwa Ubelgiji ikiwa tayari. Lakini iliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile ya moshi mzito. Risasi za leo zina baruti isiyo na moshi, ambayo msukumo wake haukukusudiwa kwa mitutu ile, na kutu iliyojificha kati ya michirizi kwa miaka 100 haionekani kwa macho. Tena matundu ya kutilia risasi katika bunduki nyingi za zamani ni mafupi kuliko risasi za sasa: risasi huingia vizuri, mlango unafunga vizuri, na ganda linapofunguka ndani linakosa nafasi. Wakusanyaji wa Marekani hawafyatui bunduki kama hizo kabla ya fundi bunduki kupima unene wa mtutu kwa vyombo, na wengi wao hawazifyatui kabisa. Bunduki iliyokaa darini tangu zama za babu haina jaribio la nyuma ya nyumba.

Kuhusu sheria, kuna neno moja linalopotosha watu. Sheria ya Marekani ya 1968 inazitambua silaha zilizotengenezwa hadi mwisho wa 1898 kuwa za kale, na kuziondoa katika masharti mengi ya serikali ya shirikisho. Kijana akisoma hilo kwenye simu yake hudhani limemfikia hata yeye. Halijamfikia. Ni sheria ya nchi nyingine, na hata huko bunduki ya Roosevelt, pamoja na bei yake yote, haikuhesabiwa ya kale kwa kipimo hicho, kwa kuwa ilitengenezwa baada ya mwaka huo. Kwetu, bunduki humilikiwa kwa cheti, na uzee wake si cheti. Kuivusha mpakani bila idhini ya pande zote mbili ni kosa hata kama imefungwa gunia na haina risasi.

Tulikwenda nyumbani kwa mzee, mimi, mwenyekiti, na askari wa ghala la silaha. Bunduki iliteremshwa na askari, mdomo ukielekea penye watu wasiokuwapo, ikafunguliwa. Tundu moja lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na risasi ya shaba iliyogeuka kijani. Miaka yote hiyo watoto wa nyumba ile walilala chini yake.

Haikuwa Fox. Haikuwa ya Marekani. Chini ya mitutu tulikuta duara refu lenye herufi ELG, alama ya upimaji ya mji wa Liège, Ubelgiji. Ubavuni palikuwa na jina la Kiingereza lililokusudiwa kufanana na la mtengenezaji maarufu, tabia iliyokuwa ya kawaida kwa bunduki za bei nafuu zilizouzwa dunia nzima, Marekani ikiwemo. Nilimweleza mzee taratibu. Alinyamaza, kisha akauliza kama babu yake alikuwa mwongo.

Nilimjibu kwamba sioni hivyo. Nikamkumbusha bendera ya Lado. Bunduki ya Kibelgiji katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji haihitaji muujiza wa kuieleza, na babu aliyebeba mizigo ya Mmarekani angeweza kuipata kwa mkono mwingine, na miaka ikaunganisha habari mbili kuwa moja. Hayo niliyasema kama maoni, si kama ushahidi. Mzee akaafiki. Akaomba jambo moja: katika hati ya makabidhiano jina la babu yake liandikwe kamili, pamoja na jina la kijiji alichozaliwa, ambacho leo kiko upande wa pili wa mpaka. Liliandikwa, chini ya namba ya bunduki. Kijana naye alikuwa amekwisha kutuma fedha za "uthibitisho" mara mbili. Namba ile ya simu haipatikani tena.

Kwa aliye na bunduki ya namna hii nyumbani, iwe ya mitutu miwili, gobori, au kipande tu: usiisugue, usiifungue, usiitie risasi, wala usiibebe kwa bodaboda kuileta kituoni. Mwache ilipo, wazuie watoto, na uje wewe mwenyewe au mtume mwenyekiti wa kijiji, nasi tutaifuata. Siwezi kutoa ahadi badala ya mahakama, lakini aliyekuja kutoa habari kwa miguu yake na aliyekamatwa njiani usiku akiwa na gunia hawasimulii hadithi moja mbele ya hakimu. Daima omba hati ya makabidhiano, na uhakikishe namba iliyoandikwa humo ndiyo iliyo kwenye chuma. Kama hujui kusoma, njoo na anayejua.